Kuanza kuruka na parachuti ukiwa Nairobi: tuzungumze kuhusu upepo

Angani_Rongai (mwanzilishi wa uzi)

Hamjambo wadau. Naona vijana wengi hapa Nairobi wanaulizia kuruka na parachuti, hasa baada ya kutazama video za Diani, na karibu wote wana swali moja: "Na isipofunguka?" Swali hilo lina majibu. Mgongoni unabeba mbili, kuu na ya akiba, na ile ya akiba hukunjwa na fundi mwenye leseni. Tena kuna kifaa kinachopima mwinuko na kasi yako. Ukifika karibu na futi 750 kutoka ardhini na bado unaporomoka, kinafungua ya akiba bila kukungoja. Vifaa hivyo vya kisasa vipo tangu 1991, CYPRES ya Ujerumani ilipoingia sokoni.

Mimi natamani muulizie upepo. Majeraha mengi ya mchezo huu hutokea wakati wa kutua, parachuti ikiwa imefunguka vizuri kabisa. Mtu anatua kwa kasi kuliko alivyodhani, au hewa inamtikisa akiwa juu kidogo tu ya ardhi, au anaburutwa baada ya miguu kugusa chini. Yote hayo ni kazi ya upepo, na yote yangeweza kuonekana kabla hajapanda ndege.

Njia za kuanza ni hizi. Ya kwanza ni tandemu, unafungwa kifuani mwa mwalimu na yeye ndiye anayeendesha kila kitu. Ya pili ni kozi ya AFF: darasa la siku nzima, kisha unaruka na parachuti yako mwenyewe huku walimu wawili wamekushika pande zote mbili mnapoporomoka kwa kasi ya karibu km 190 kwa saa. Mara za kwanza unafungua ukiwa futi 5,500 hivi, na kuanzia hapo uko peke yako chini ya kitambaa, labda na sauti ya mwalimu kwenye redio. Leseni ya kwanza ya Marekani, ile ya A, inataka angalau miruko 25.

Sasa namba. USPA, chama cha Marekani ambacho kanuni zake hufuatwa na vituo vingi hata nje ya nchi yao, kinamwekea mwanafunzi anayeruka peke yake na parachuti ya kisasa ya mstatili kikomo cha upepo wa ardhini cha maili 14 kwa saa. Hizo ni noti (knots) 12, au km 22 na nusu kwa saa. Ukishapata leseni, kanuni hiyo haikuwekei namba tena. Ndiyo maana napenda mwanafunzi ajifunze kuusoma upepo tangu siku ya kwanza, maana itafika siku ambayo hakuna mtu atakayemwambia "leo kaa chini".

Kwa nini iwe kidogo hivyo? Parachuti ya mwanafunzi ni kubwa na imetengenezwa iende polepole. Hewa ikiwa imetulia, inakwenda mbele km 30 hadi 40 kwa saa. Tuseme 35. Ukiuelekea upepo wa km 20, ardhi inapita chini yako kwa km 15 tu. Ukitua upepo ukiwa mgongoni, unajumlisha: km 55. Hiyo ni kasi ya matatu barabarani, nawe umevaa kofia na viatu vya raba. Na upepo ukifika 40 wakati parachuti yako inakwenda 35, hata ukiuelekea utarudi kinyumenyume, na huoni unakoangukia.

---

Kijana_wa_Umoja

Uzi mzuri kaka. Lakini mbona wanajeshi wetu wanatua Kasarani na Nyayo kwenye sherehe za kitaifa, upepo uwe upi? Nimewaona wakishuka na bendera kubwa na hakuna aliyeanguka.

---

Mzee_wa_Gilgil

Mwanangu, unachokiona uwanjani ni mwisho wa kazi ya miaka. Wale wa maonyesho ni watu waliokomaa kwenye parachuti za kuongoza, na kabla hawajaruka kuna mwenzao chini mwenye kipima upepo na redio. Akisema hapana, ndege inazunguka au inarudi. Wewe kwenye jukwaa huoni hilo, unaona bendera tu.

Upande wa pili, ule wa kuruka kivita kwa parachuti za duara, upepo unaheshimiwa zaidi. Parachuti ya duara ya kawaida haina mwendo wake wa maana. Upepo wa noti 10 unakupeleka noti 10, basi, huna namna ya kuuelekea ukapunguza. Jeshi la Marekani huweka mwisho wa noti 13 kwenye mafunzo ya aina hiyo. Sasa kama askari aliyefundishwa kuanguka na kubiringika mpaka mwili ukazoea anakatazwa kwa noti 13, wewe uliyemaliza darasa jana unataka nini huko juu kwenye noti 18?

---

Angani_Rongai

Asante sana mzee. Huko kuanguka na kubiringika ndiko wanafunzi wengi hukuchukulia kama mchezo darasani. Miguu pamoja, magoti yamekunjwa kidogo, kidevu kifuani, mwili unalala upande kuanzia nyayo, paja, nyonga hadi bega la upande wa pili. Fanyeni mazoezi hayo kwenye nyasi mpaka yaingie mwilini.

Sasa tuzungumze vishindo, yaani upepo unapoongezeka na kukatika ghafla, kwa sababu namba moja peke yake hudanganya. Chukua siku mbili. Siku ya kwanza upepo ni noti 10, unapanda hadi 12, unashuka hadi 9. Siku ya pili wastani ni 8, lakini unaruka hadi 17 na kuanguka hadi 3. Mtu asiyejua ataichagua ya pili kwa sababu 8 ni ndogo. Mimi siku ya pili sivai hata mkoba wa parachuti. Upepo ukikatika ghafla ukiwa mita 5 juu, kitambaa kinapoteza hewa kiliyokuwa kikiitegemea na unashuka kwa nguvu kabla hujavuta mishikio (ile miwili ya kamba za kuongozea) kuvunja mwendo. Kumbukeni pia kwamba nguvu ya upepo hukua kwa mraba wa kasi. Kutoka noti 10 hadi 14 tunaona ni 4 tu zimeongezeka, kumbe nguvu inayovuta kitambaa imekaribia kuwa maradufu.

Kwa hiyo simama karibu na soksi ya upepo, ule mfuko wa kitambaa mlingotini, kwa nusu saa nzima. Usiitupie jicho ukipita kwenda chooni. Soksi nyingi za viwanja vya ndege hujaa na kunyooka kabisa upepo ukifika noti 15, kwa hiyo mwanafunzi akiiona imenyooka kama mkono, jibu ameshapata. Ikiwa inaning'inia nusu na kucheza pole pole, endelea kuangalia. Inayonitisha ni ile inayonyooka, inalegea hadi kugusa mlingoti, halafu inainuka tena ikiwa imegeukia upande mwingine. Hapo kuna hewa moto inayopanda kutoka ardhini na hewa baridi inakimbilia kujaza nafasi, na hakuna kipima upepo kitakachokupa namba moja ya kuiamini. Hesabu pia ni mara ngapi inafanya hivyo ndani ya dakika kumi, na kama zinaongezeka.

---

Rubani_Wilson

Niongeze upande wa ripoti, kwa sababu naona watu wanazinukuu vibaya. Ukifungua METAR, yaani ripoti ya hali ya hewa ya kiwanja cha ndege, ya Wilson (HKNW), JKIA (HKJK) au Mombasa (HKMO) utakuta kitu kama 06011KT. Tarakimu tatu za mwanzo ni upande upepo *unakotoka*, digrii 60, yaani kaskazini mashariki kuelekea mashariki. Mbili zinazofuata ni kasi kwa noti. Ikiwa 06011G23KT, basi wastani ni 11 na vishindo vinafika 23.

Sasa sikilizeni kwa makini. Kwa utaratibu wa kimataifa, kishindo huandikwa kwenye METAR kikizidi wastani kwa noti 10 au zaidi. Maana yake ripoti ikisema 06009KT bila G, bado inawezekana kuna vishindo vya 17 ambavyo havikuandikwa. Kwa ndege yangu hiyo si shida. Kwa mwanafunzi wa parachuti ni siku ya kukaa chini. Tena wastani huo ni wa dakika 10, umepimwa kwenye mlingoti wa mita 10, penye uwazi, na pengine mbali kabisa na unakotua wewe.

Jambo lingine ni vipimo. Programu za simu zingine huonyesha mita kwa sekunde, zingine km kwa saa, zingine noti. Mita 12 kwa sekunde ni zaidi ya noti 23. Fungua mipangilio, weka noti, usibadilishe tena.

---

Chamchela_Kajiado

Mimi huruka kwa miavuli ya mlimani (paragliding) kule Kerio, tunaanzia ukingoni karibu na Iten, na nataka kuwatahadharisha wanaofikiri michezo hii miwili ni mmoja. Sisi tunaitafuta hewa moto inayopanda, ndiyo inayotubeba kwa masaa. Nyinyi mnashuka kupitia hewa hiyo hiyo mkiwa hamna haja nayo, na wakati mwingine inawanyanyua mkiwa kwenye hatua ya mwisho halafu inawaachia.

Anayeishi upande wa Kitengela, Isinya au Kajiado anajua chamchela. Kuanzia saa tano asubuhi ardhi ikishapata moto unaona nguzo za vumbi zinatembea mbugani. Ukiona moja, jua kuna zingine ambazo hazina vumbi la kukuonyesha zilipo, kwa mfano juu ya majani au lami. Parachuti ikiingia ndani ya chamchela karibu na ardhi inaweza kujikunja. Mtu akiwaalika kuruka kwenye kiwanja chochote cha huku nyanda, nendeni mapema asubuhi.

---

Angani_Rongai

Naunga mkono, na niongeze mwinuko wenyewe. Wilson iko zaidi ya futi 5,500 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, kwa hiyo parachuti ile ile inakwenda kasi zaidi kuliko pwani, asilimia 8 hivi, na zaidi jua likiwaka. Aliyejifunza Diani akizoea jicho lake kuvunja mwendo kwa kasi ya pwani, akija kuruka nyanda za juu anahitaji mwalimu amwandae upya. Katika kuchagua pa kuanzia, pwani ina faida hiyo.

---

Baharia_Msambweni

Salaam aleikum wadau. Pwani ina faida lakini ina mambo yake, niwape ya huku kwetu.

Tuna kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi hivi, na kusi, kuanzia Aprili au Mei hadi Septemba. Kusi ndiyo yenye nguvu, Juni na Julai hata wavuvi wa ngalawa wanakaa siku kadhaa bila kutoka. Kati yake kuna tanga mbili, pepo zinapobadilishana, hapo huwa shwari lakini haujui utavuma kutoka wapi. Mgeni kutoka Nairobi anayefunga safari Julai ajiandae kusubiri.

Halafu kuna saa. Alfajiri umande unatoka bara kwenda baharini, mwepesi. Jua likipanda, upepo wa baharini unaingia, na alasiri ndio unakuwa mkali. Watu wanapenda upepo mdogo kwa hiyo wanadhani umande ni mzuri. Muangalie unatoka wapi! Wanaoruka tandemu Diani hutua ufuoni, na nyuma ya ufuo kuna minazi na mahoteli. Upepo ukitoka bara, ufuo wote uko upande wa demani wa minazi, yaani nyuma yake upepo unakoelekea, hewa imevurugika, na ukikosea unapelekwa baharini. Upepo wa bahari, hata ukiwa na nguvu zaidi, unakuja umenyooka kwa sababu hakuna kitu juu ya maji cha kuuvunja.

Na maji. Siku za bamvua bahari ikijaa, ule ufuo mpana uliouona kwenye video unabaki kamba nyembamba. Muulizeni mvuvi yeyote saa za kujaa na kupwa.

---

Angani_Rongai

Baharia, umenigusa penyewe. Kanuni tunayofundishwa ni kwamba misukosuko nyuma ya kizuizi inaweza kufika umbali wa mara 10 hadi 20 ya urefu wa kizuizi hicho. Mnazi wa mita 20, basi ni mita 200 hadi 400. Hakuna ufuo wenye upana huo. Hesabu hii tumieni popote: ghala, mstari wa miti, hata basi lililoegeshwa.

Na usitosheke na upepo wa chini. Ukiruka kutoka futi 12,000 na kufungua futi 5,000 unaporomoka kwa sekunde 40 hivi. Upepo wa juu ukiwa noti 20 utakuwa umekusogeza karibu mita 400 kabla hujafungua. Kisha chini ya kitambaa una dakika tano hivi, na kwa noti 10 upepo utakupeleka km 1 na nusu kama hutafanya lolote. Ndiyo maana rubani na mwalimu wanachagua pa kukutoa kwa kuutazama upepo wa kila mwinuko, na ndiyo maana ukiwa hewani unaambiwa ukae upande unakotoka upepo, usiuache ukupitishe kiwanja.

Mzunguko wa kutua tunaupanga kwa mwinuko: futi 1,000 unaanza mguu (kipande cha mzunguko) wa kwenda na upepo, futi 600 unakata kona, futi 300 unaugeukia upepo na kuja kutua. Upepo ukiongezeka, mguu wa mwisho unafupika ardhini, kwa hiyo kona unazikata karibu zaidi na unapotaka kutua. Mwambie mwalimu akuchoree juu ya picha ya kiwanja, kwa upepo wa siku hiyo, kabla ya kila mruko. Na ukifika chini sana huku umekosea upande, usigeuze kona ya ghafla kuutafuta upepo. Tua ulivyo, kitambaa kikiwa sawasawa, vuta mishikio yote miwili, biringika. Kona ya chini imeumiza watu wengi kuliko upepo wa mgongoni.

---

Mama_Wawili

Nimesoma yote. Kijana wangu ana miaka 19, amejiwekea pesa za kozi na tumegombana nyumbani. Sitaki kumzuia kwa nguvu. Nikimsindikiza, nimuulize mwalimu nini? Mimi sijui lolote kuhusu mambo haya.

---

Angani_Rongai

Mama, ukienda naye utakuwa umefanya jambo kubwa. Muulize mwalimu kikomo chao cha upepo kwa wanafunzi ni kipi na kimeandikwa wapi. Akikuonyesha karatasi, vizuri. Akisema "tunaangalia tu", muulize nani anaangalia, kwa kifaa gani, na amesimama wapi. Uliza wiki iliyopita walisimamisha kuruka mara ngapi kwa sababu ya hali ya hewa. Kituo chenye nidhamu hakioni haya kusema "jana tulikaa chini mchana kutwa". Uliza parachuti ya akiba ya kijana wako ilikunjwa lini, kadi yake ipo kwenye mkoba. Na uliza pesa inakuwaje siku ikiharibika, kwa sababu mtu anayeogopa kupoteza pesa ndiye anayemsukuma mwalimu aruke upepo mbaya. Mimi nakataa kabisa kituo kinachomfanya mwanafunzi alipe kwa kusubiri.

Kisha mwambie kijana wako jambo moja, mbele ya mwalimu: ana haki ya kukataa akiwa chini, akiwa mlangoni mwa ndege, wakati wowote, na atashuka na ndege na hakuna atakayemcheka.

---

Mzee_wa_Gilgil

Mama, na mvua umuulizie. Msimu wa mvua wingu kubwa jeusi likiwa hata km 15 au 20 mbali, hewa baridi inayomwagika kutoka ndani yake hutangulia mvua yenyewe. Unahisi baridi ya ghafla usoni, unasikia harufu ya udongo uliolowa, na kufumba na kufumbua upepo umegeuka na kuongezeka mara mbili. Kupanda hadi futi 12,000 kunachukua dakika 15 hadi 20 kwa ndege ndogo. Wakipanda wingu likiwa upeoni wanaweza kushuka likiwa juu yao. Kijana akiona walimu wanaondoka bila kutazama pande zote nne za anga, avue.

---

Kijana_wa_Umoja

Nimeelewa mzee, shukrani. Swali la mwisho kutoka kwangu: nikitua salama halafu kitambaa kikashika upepo na kuanza kuniburuta, nafanyaje? Pia napanga kupiga mbizi Diani safari hiyo hiyo. Nimepata siku nne za likizo, nitashuka na SGR.

---

Angani_Rongai

Ukiburutwa, achia mshikio mmoja, ule wa pili uvute kwa mikono yote miwili, endelea kukusanya kamba kuelekea kwako mpaka kitambaa kikunjike. Ukiweza kusimama, kimbia ukizunguka hadi upande wa pili wa kitambaa, kitakosa upepo na kulala. Fanya hivyo mara tu unapogusa chini siku yenye upepo, usisimame kupigwa picha kwanza.

Kuhusu mbizi, zifuate nyuma. Ukitoka chini ya maji mwili una naitrojeni ya ziada na kupanda juu mapema kunaweza kukuletea ugonjwa wa mbizi. Mwongozo wa kawaida wa wapiga mbizi ni kusubiri angalau masaa 12 baada ya mbizi moja na 18 baada ya mbizi nyingi, na mimi ningengoja 24. Kwa siku nne zako, weka kuruka siku ya kwanza asubuhi. Upepo ukikunyima, unayo ya pili na ya tatu. Ukishatua ndipo ulipie mbizi, na uache siku ya kurudi Nairobi bila kuingia majini, maana reli nayo inakupandisha zaidi ya futi 5,000.